Mpini wa panga la mama

Jirani anapaka mlango wake mafuta ya kitani tangu asubuhi, harufu imeingia mpaka chumbani, na mimi siku nzima nawaza panga la mama.

Chuma chake kilikuwa kizuri, ukikinoa kinakubali. Tatizo mpini. Ulikuwa ule wa kiwandani, vipande viwili vya mbao vimebanwa kwa ribiti (vile vipini vya chuma vilivyogongwa vichwa), kona kali, halafu juu wamepiga vanishi nzito inayong'aa. Ukianza kutoa jasho inateleza, kwa hiyo unakaza mkono, na ukikaza sana malengelenge hayo, pale kati ya gumba na kidole cha shahada. Na mama vidole vyake vilikuwa vishaanza kuvimba maungio. Hakusema vinamuuma. Alisema panga limekuwa baya.

Kaka akasema tununue jipya tu. Mama akamwangalia, hakujibu. Basi kazi ikaniangukia mimi.

Ya mwanzo nayapitia haraka. Ubapa niliuzungushia matambara na tepu kabla ya kuubana kwenye jiliwa (hapo usilete ujanja, panga halina undugu), vanishi nikaikwangua kwa kipande cha kioo. Moyoni nilishaamua mpini uwe mwembamba, wa mviringo, wa kupendeza. Mama akakataa palepale. "Ukiuviringisha utanizunguka mkononi, nitajuaje makali yameangalia wapi? Acha ubapabapa wa ubavuni. Na unene usiguse, mkono wangu siku hizi haukunji mpaka mwisho." Ndo mara ya kwanza nasikia hilo, tena limesemwa kwa ajili ya mpini.

Halafu akachukua mkaa, akajipaka kiganja kizima, akafumba macho, akaushika mpini kabisa kama mtu anayetaka kukata. Akaachia. Kwenye mbao pakabaki weusi sehemu chache tu, kwingine kweupe. "Palipo peusi ndo panaponing'ata. Toa hapo." Nikapitisha tupa taratibu, huku nazikwepa ribiti maana ukizila vichwa vipande vinaanza kucheza. "Lete." Anajipaka tena, anafumba, anashika, anaachia, na weusi umehama. Mwanzo ulikuwa umekaa kwenye kona tu, mistari miwili mikali, kila tukirudia unazidi kutanda. Isipokuwa mahali pamoja. Chini ya kidole chake cha pete pakabaki peupe mpaka mwisho, kidole kimepinda hakifiki kwenye mbao. Nikataka kumuuliza nikaacha. "Hapo usipunguze hata kidogo," akasema, macho bado kafumba, na mimi namtazama usoni kwa raha zangu, sijui lini mara ya mwisho nilimtazama muda mrefu vile bila kuulizwa unaangalia nini.

Baada ya hapo ni msasa, namba 80, 120, 220, yaani kutoka mkali kwenda laini, kufuata nyuzi za mbao. Nikaupangusa kwa kitambaa chenye maji, nyuzi zikasimama, ulipokauka nikapiga msasa tena. Kisha mafuta ya kitani, unapaka, unasubiri yanywewe, unafuta yaliyobaki, kesho unarudia. Matambara ya mafuta hayo tandaza nje yakauke, usiyarundike, yanapata joto yenyewe mpaka yanaweza kuwaka moto, sitanii.

Mama alilitumia, akarudi, akalilaza mezani. "Ile vanishi ilikuwa inapendeza zaidi." Basi, hiyo ndo asante yangu. Ila panga la mtu mwingine hakushika tena.

Sasa liko kwangu na mkononi mwangu halikai kabisa, pale tulipoacha mbao pananisukuma kidole. Msasa ninao. Kaka anasema sawazisha bwana, panga ni la kazi siyo la makumbusho, na nadhani mama mwenyewe angesema hivyohivyo, au labda angemwangalia tu kama siku ile.