Massey Ferguson 135: Magurudumu Kwanza, Rangi Baadaye

Kila anayeingia uani kwangu hapa Kampemba, Lubumbashi, na kuliona lile trekta huuliza swali lilelile: "Mzee, utalipaka rangi gani?" Jibu ninalo, na nitalitoa, ila si sasa. Trekta la kulima huanza kutengenezwa chini, pale mpira unapokutana na udongo. Gurudumu likikosewa, uzito hausaidii kitu, na rangi hata iwe nzuri namna gani itakuwa imepakwa juu ya mashine inayozunguka pale pale matopeni.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, injini ya Perkins ya dizeli, silinda 3, lita 2.5, nguvu kama za farasi 45. Aina hii ilitoka mwishoni mwa 1964, na matrekta mengi ya namna hii yaliundwa Banner Lane, Coventry, Uingereza. Hili langu lililima miaka mingi upande wa barabara ya Kasenga, na nililinunua kwa familia ya mkulima aliyekwisha kuzeeka. Injini ni nzima. Inawaka asubuhi hata katika baridi ya Juni, na moshi wake ni mwepesi, kwa hiyo sitaisemea zaidi. Kilichokuwa kimekufa ni miguu: tairi za nyuma saizi mbili tofauti, moja imepasuka ubavuni, na rimu zimeliwa na kutu.

Chanzo cha kutu ile kinafaa kuelezwa, maana nimekiona kwenye matrekta mengine ya zamani. Huko Ulaya watu hujaza tairi za nyuma maji yaliyochanganywa na kloridi ya kalsiamu, ambayo ni aina ya chumvi, ili maji yasigande wakati wa baridi kali. Chumvi hiyo huongeza uzito kidogo kuliko maji matupu, lakini tyubu ikivuja hata tone, inakula chuma. Nilipotoa tyubu ya kulia nilikuta unga mweupe umeshikana kuzunguka tundu la vali. Nikaukwangua, nikasukuma bisibisi, ikapenya rimu bila nguvu yoyote. Kwa nje, mahali hapo palikuwa na rangi safi kabisa. Baridi yetu ya Lubumbashi, hata Julai, haigandishi maji ndani ya tairi la trekta. Hapa maji matupu yanatosha.

Mchomeleaji wangu wa Kamalondo aliigonga rimu kwa nyundo ndogo akizunguka nayo taratibu. Sehemu nzima ililia kwa sauti kali, karibu na vali ikatoa sauti ya bati bovu. "Papa, hii janti ilishakufa, usipoteze makuta bure," akasema. Ya kushoto ilikuwa na nafuu, tukaiokoa kwa kukata kipande na kuchomelea kingine. Baada ya hapo tuliizungusha ikiwa kwenye ekseli, ncha ya waya mgumu ikiwa imefungwa karibu na ukingo, tukatazama nafasi inavyobadilika. Nimefanya kazi ya tono, yaani kuchonga chuma kinachozunguka kwenye mashine, kwa miaka mingi na siwezi kuona kitu kinachozunguka nisikipime. Rimu ikiyumba milimita 3 juu ya gurudumu kubwa namna hii naikubali. Zaidi ya hapo inarudi kwa mchomeleaji.

Ya kulia ilibidi itafutwe. Vipuri vingi vya Massey Ferguson hutufikia kupitia Kasumbalesa, mpakani, kwa sababu Zambia matrekta haya ni mengi na bado yanalima. Anayekwenda kununua rimu lazima ajue kupima, kwa maana muuzaji atapima ukingo hadi ukingo kwa nje na kukupa namba kubwa isiyo ya kweli. Upana wa rimu unapimwa ndani, kati ya kuta mbili zinazoshika tairi. Kipenyo nacho kinapimwa pale tairi linapokalia, si juu ya mdomo wa rimu. Gurudumu la nyuma la 135 ni la inchi 28, yaani sentimita 71 na ushee. Diski ya kati inashikwa na boliti 8 zilizo kwenye mduara wa inchi 8. Ukisahau kupima mduara huo, utarudi na rimu nzuri ambayo haiingii.

Sasa tairi. Tairi la asili liliandikwa 11-28, na siku hizi linaandikwa 12.4-28, au yote mawili pamoja: 12.4/11-28. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa inchi. Mpwa wangu, ambaye ndiye atakayeendesha zaidi, aling'ang'ania 13.6-28. "Mjomba, pana ndiyo inashika," akaniambia. Ana sababu. Tairi pana linakanyaga udongo kwa upole zaidi, na shamba letu la upande wa Kafubu lina kipande cha dembo, yaani bonde la majimaji, chenye udongo mweusi unaonata mvua ikinyesha. Lakini plau yetu inakata mtaro wa inchi 12, na wakati wa kulima gurudumu la kulia hutembea ndani ya mtaro huo. Tairi la 12.4 linaingia humo kwa tabu kidogo. La 13.6 linapanda ukingo na kukandamiza udongo ambao plau imetoka kuufungua. Tena linataka rimu pana zaidi ili likae vizuri, inchi 12, na zangu ni za 11. Nikachagua 12.4 zenye nyuzi za nguvu ya ply 8 (kipimo cha uimara wa tairi), meno marefu ya shambani, na mpwa wangu alipoona mtaro wa kwanza wa majaribio hakuleta tena habari ya 13.6.

Kwenye tairi zilizotumika, tafadhali inama. Wauzaji huzipaka dawa nyeusi zikang'aa. Nenda chini kati ya jino na jino, kunjua mpira kwa kidole, utafute nyufa. Kisha tafuta tarakimu nne ubavuni ndani ya kiduara kirefu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Meno marefu kwenye tairi la zamani sana yana maana moja tu, kwamba limekaa juani bila kazi. Na wakati wa kulikalisha kwenye rimu usivuke shinikizo la upepo la psi 35 (pauni kwa inchi ya mraba). Likigoma, toa upepo, paka sabuni upya, uanze tena. Tairi la trekta likipasuka mikononi mwa mtu linaua.

Kuna jambo la 135 ninalolipenda sana na wengi hawalitumii. Upana kati ya magurudumu ya nyuma unabadilika kutoka inchi 48 hadi 76, kwa hatua za inchi 4, kwa kugeuza diski na kubadilisha upande wa vishikio vya rimu. Hakuna kifaa cha kununua. Sisi tunapanda mahindi kwa mistari ya sentimita 75, kwa hiyo nimeweka inchi 60, karibu sentimita 152, na kila gurudumu linapita katikati ya mistari bila kukanyaga mmea. Ukigeuza, hakikisha mshale ulio ubavuni mwa tairi bado unaelekea upande wa mwendo wa mbele. Mara nyingi itabidi gurudumu la kulia lihamie kushoto.

Uzito ndio uliochukua fikra zangu nyingi. Jirani yangu aliniambia niweke chuma kingi nyuma, kingi kadiri kinavyopatikana. Mimi sikukubali, na sababu inatokana na jinsi trekta hili lilivyobuniwa. Harry Ferguson alifunga plau kwenye mikono mitatu nyuma ya trekta na kuiongoza kwa hidroliki, ili mzigo wa plau ardhini uongeze uzito juu ya magurudumu ya nyuma wakati wa kazi yenyewe. Ndiyo maana trekta la tani moja na nusu hivi linalima kazi iliyokuwa ikitaka trekta zito zaidi. Ukilibebesha chuma kupita kiasi unakanyaga shamba, unakula dizeli, na unabebesha ekseli na gia mzigo ambao havikuumbiwa. Gia za 135 si rahisi kupata hapa.

Kwa hiyo nyuma nimeweka maji tu. Unageuza gurudumu hadi vali iwe juu kabisa, unajaza hadi maji yafike usawa wa vali, na hapo tairi limejaa robo tatu. Robo iliyobaki ni ya upepo, na ni lazima ibaki ili tairi liweze kujibonyeza likipita kwenye mawe. Tairi la 12.4-28 linachukua karibu lita 150, yaani karibu kilo 150 kila upande, na bei yake ni ndoo na jasho.

Mbele ni habari nyingine. Plau ikiinuliwa, pua ya trekta inakuwa nyepesi na usukani haushiki. Kanuni ninayoifuata ni kwamba angalau sehemu moja ya tano ya uzito wote ibaki kwenye ekseli ya mbele. Rafiki mmoja alinishauri nimimine saruji iliyochanganywa na mabaki meusi kutoka kile kilima kilicho karibu na bomba refu la moshi, kwa kuwa mji huu hauna uhaba wa mabaki ya mtapo. Saruji ni nafuu, ila chuma cha kusubu ni kizito kiasi cha mara tatu kwa ujazo uleule, na mbele ya 135 hakuna nafasi ya kuweka sanduku kubwa. Nilichonga kielelezo cha mti mwenyewe, nikakiongeza asilimia 1 kila upande kwa sababu chuma kikipoa husinyaa, nikakipeleka kwa wasubu chuma. Walinitengenezea vipande 4, kila kimoja kilo 25, chenye mkono wa kushikia. Kilo 25 nilizichagua makusudi: mtu mmoja anaweza kukitoa bila kuumiza mgongo, na uzito usiotolewa kwa urahisi hautolewi kabisa, hata siku trekta linapovuta trela tupu.

Kujua kama uzito unatosha, chora chaki kwenye tairi. Tembea mizunguko 10 ya gurudumu plau ikiwa juu, pima umbali. Rudia plau ikiwa ardhini. Kama mwanzo ulipata meta 40 na sasa 36, gurudumu limeteleza asilimia 10, na hapo ni pazuri. Ikifika 15 bado sawa. Ikizidi, ongeza. Na ikiwa halitelezi hata kidogo, punguza uzito, ingawa hili ndilo watu hawataki kulisikia.

Haya, rangi.

Mpwa wangu alitaka rimu nyeusi. Mzee mmoja wa Katuba akashauri kijivu chote, kwa kuwa anayakumbuka matrekta madogo ya Ferguson TE20 yaliyoundwa 1946 hadi 1956, ambayo kweli yalikuwa ya kijivu. Lakini 135 ilizaliwa baada ya Massey-Harris na Ferguson kuungana mwaka 1953 na baada ya rangi nyekundu na kijivu kuwa ndiyo sura yao. Boneti na madigadi mekundu, injini na mwili wa kijivu, magurudumu ya rangi ya fedha. Ndivyo litakavyokuwa. Naona ni heshima kwa waliolibuni na kwa yule mkulima wa barabara ya Kasenga aliyelitunza. Wekundu wa kweli niliupata ndani ya boneti, mahali ambapo jua halikufika, nikapeleka boneti nzima kwa mchanganyaji wa rangi mjini. Picha ya simu haifai kwa kazi hii.

Rangi ya zamani inaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo nimeikwangua kwa msasa wa maji, watoto wakiwa mbali. Nimetumia praima ya fosfeti ya zinki, kisha enameli ya kawaida inayokauka kwa hewa. Zile rangi za kuchanganya na kigumisho zinang'aa zaidi, lakini nyingi zina isosayaneti, ambayo huharibu mapafu, na barakoa ya kitambaa haizuii kitu. Majira pia yanaamua. Juni na Julai asubuhi chuma kina umande. Agosti na Septemba upepo unabeba vumbi jekundu. Ninapaka kuanzia saa 4 asubuhi, chuma kikiwa kimeota joto, baada ya kumwagia ua maji.

Kuna sehemu ambazo sizipaki rangi nene: pale tairi linapokalia rimu, na uso wa diski unaogusana na kitovu, hasa chini ya nati. Rangi nene chini ya nati hujikamua kazi ikianza, nati inalegea, na gurudumu linaanza kula boliti. Hapo weka praima nyembamba tu. Kaza, lima saa chache, kaza tena.

Nyuma pamekwisha. Mbele bado natafuta rimu moja ya inchi 16 ya kubeba tairi la 6.00-16 lenye mistari mitatu, si la pikapu, maana bila ile mistari usukani hauongozi kwenye udongo laini. Kama uko Likasi, Kipushi au Kasumbalesa na unayo, niandikie hapa chini, na picha ya kwanza iwe ya tundu la vali kwa upande wa ndani.