“Songa Kidogo”: Jibu Nililompa Msimamizi wa Mjengo Mamboleo

Jumanne moja jioni, nikiwa ndani ya matatu nikitoka Kakamega kurudi Kisumu, nilipigiwa simu na msimamizi wa jengo la ghorofa nne tulilokuwa tukilijenga mtaani Mamboleo, Kisumu. “Injinia,” akasema, kwa jina ambalo mafundi wetu humwita kila anayefika mjengoni na ramani mkononi, hata akiwa msanifu majengo kama mimi, “bomba la choo limeangukia juu ya boriti. Tupasue ama tusonge?” Gari lilikuwa na kelele nyingi, na slabu, yaani sakafu ya konkriti, ya ghorofa ya kwanza ilikuwa imepangiwa kumiminwa Alhamisi. Nilimwambia asiiguse boriti kwa vyovyote vile, bali asonge kidogo. Akauliza upande gani, nikamjibu, simu ikakatika, nami nikaendelea na safari nikiamini kwamba jambo hilo limekwisha.

Kuhusu boriti nilikuwa sahihi. Bomba la maji taka la choo lina kipenyo cha milimita 110, na boriti ile ilikuwa na upana wa milimita 200. Ukilipitisha bomba katikati yake, kila upande unabakiwa na milimita 45 tu, na ukitoa milimita 25 za konkriti inayokifunika chuma kisipate kutu, hakuna nafasi ya maana ya kupitisha vyuma na ringi zinazovifunga. Hakuna mhandisi wa miundo ambaye angelikubali jambo hilo.

Kosa lilikuwa katika neno “kidogo”. Miezi miwili baadaye, seremala alipotundika milango ya bafu za ghorofa hiyo, mlango wa kwanza ulifunguka hadi katikati ukagonga ukingo wa choo. Wa pili vivyo hivyo. Nyumba zote nne za ghorofa ile zilikuwa na tatizo moja, kwa sababu choo kilikuwa kimesogezwa sentimita 30 kuelekea mlangoni. Mimi nilikumbuka kwamba nilisema upande wa dirisha. Msimamizi alikumbuka kwamba nilisema upande wa mlango. Hapakuwa na karatasi wala ujumbe ambao ungetuamulia, na sina sababu ya kudhani kwamba kumbukumbu yangu ilikuwa bora kuliko yake. Tulilazimika kung’oa fremu, kuzigeuza ili milango ifungukie nje, na kupiga plasta upya, na ofisi yangu ikazilipa gharama hizo, kwa kuwa yeye aliuliza kabla ya kumimina na mimi ndiye niliyejibu vibaya.

Tangu siku hiyo nimelichukulia swali la mkandarasi kama sehemu ya kazi ya usanifu yenyewe. Wasanifu wengi, na hasa sisi tulioanza kazi tukiwa na haraka ya kuonekana tunajua, huliona swali kama lawama: kana kwamba anayeuliza anasema ramani zetu zina kasoro. Mara nyingi ni kweli kwamba zina kasoro, kwa sababu ramani ya usanifu, ya miundo, ya mabomba na ya umeme huchorwa na watu wanne walioketi katika ofisi nne, na mahali pa kwanza zinapokutana zote ni pale fundi anapoinama na futi yake. Fundi akiuliza, ametuokoa. Ninayemhofia ni yule anayekiona kitu hakilingani na kuamua peke yake kwa kuwa mara ya mwisho alipouliza alifokewa.

Kwa hiyo sasa kila swali lina namba, tarehe, namba ya ramani inayohusika, na siku ambayo jibu linahitajika mjengoni. Hiyo siku ndiyo ninayoisoma kwanza. Swali la rangi ya ukuta linaweza kungoja wiki mbili, lakini swali la bomba ndani ya slabu itakayomiminwa keshokutwa haliwezi kungoja hata usiku mmoja. Mkataba wa ujenzi unaotumika sana nchini Kenya, ule wa Baraza la Pamoja la Ujenzi wa mwaka 1999, unamruhusu mkandarasi kuomba aongezewe muda ikiwa maagizo aliyoyaomba kwa maandishi yamechelewa kumfikia, na ni haki yake. Simu na WhatsApp hatujaziacha, maana picha iliyopigwa kutoka mjengoni huniambia mengi kuliko maelezo ya kurasa mbili. Hata hivyo, nikijibu kwa simu, jibu hilo huandikwa na kutumwa siku hiyohiyo, na mkandarasi anajua kwamba kabla ya maandishi kufika hajaruhusiwa kuendelea na sehemu hiyo.

Jibu lenyewe lazima liwe na kipimo na mahali kipimo kinapoanzia. Lile la Mamboleo lingepaswa kuandikwa hivi: katikati ya bomba la choo pasogezwe milimita 250 kutoka katikati ya boriti, kuelekea ukuta wenye dirisha, katika nyumba zote nne za ghorofa ya kwanza na katika ghorofa zote zinazofuata, boriti isikatwe, mlango ubaki ulivyo. Sentensi hiyo ingenichukua dakika kumi, pamoja na kuchora bafu upya kwa penseli ili nihakikishe kwamba mlango unafunguka na mtu anaweza kuketi bila magoti kugusa ukuta.

Lipo jibu moja ambalo nimelikataza katika ofisi yangu, nalo ni “fuata ramani.” Mtu aliyeuliza ameisoma ramani. Ikiwa jibu kweli limo, basi ni wajibu wangu kumtajia karatasi namba fulani, mchoro namba fulani, na kulirudia kwa maneno, kwa sababu huenda alichonacho mjengoni ni toleo la zamani ambalo halikubadilishwa. Nimewahi kufika kwenye mjengo huko Nakuru nikakuta mafundi wakifuata ramani iliyokuwa imefutwa miezi mitatu nyuma, huku ile mpya ikiwa imekunjwa vizuri ndani ya stoo.

Ni Nakuru hukohuko nilikojifunza kwamba swali dogo huweza kuwa limebeba mengine matatu. Fundi aliuliza kama linta za madirisha, yaani boriti zinazopita juu yake, zinaweza kupandishwa kutoka milimita 2100 hadi 2200. Sababu yake ilikuwa ya mawe: jiwe lina kimo cha milimita 200, na likiwekewa saruji ya milimita 20, kozi tisa, yaani mistari tisa ya mawe, zinafika 1980 na kozi kumi zinafika 2200, kwa hiyo 2100 ingemlazimu kuchonga kozi nzima ya mawe kuzunguka nyumba. Hoja yake ilikuwa nzuri. Lakini linta ya dirisha ilikuwa imeungana na ya mlango, fremu za milango zilikuwa zimekwisha kuagizwa kwa kimo cha 2100, na juu ya linta palikuwa na ukuta mfupi kabla ya kufikia boriti ya paa. Nilikubali 2200, nikaeleza kwamba pengo la milimita 100 juu ya kila fremu ya mlango lizibwe kwa mbao na jinsi litakavyozibwa, kisha nikamtumia mkadiriaji majenzi nakala ili athari ya bei ijulikane kabla ya kazi kufanyika. Jibu linalobadilisha gharama bila mwenye nyumba kujua ni deni ambalo litadaiwa mwishoni, na kwa kawaida hudaiwa kwa ugomvi.

Yapo pia maswali ambayo si yangu kuyajibu. Ukitoka mjini Kisumu kuelekea Nyamasaria na tambarare za Kano, utakutana na udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka. Mkandarasi aliniuliza mara moja: ramani inasema tuchimbe msingi milimita 900, tumefika 1500 na bado ni udongo uleule, tuendelee ama tusimame? Ilikuwa Aprili, mvua inanyesha karibu kila jioni, na mtaro ulioachwa wazi hujaa maji na kulainisha sakafu yake. Shinikizo la kusema neno lolote lilikuwa kubwa. Nilimwandikia asimame, afunike mtaro kwa karatasi ya nailoni na kuelekeza maji kando, nami nikampigia mhandisi wa miundo saa ileile. Alifika kesho yake asubuhi, akachimbua shimo la majaribio, na uamuzi wa kushuka hadi ardhi ngumu ukatoka kwake, kwa sahihi yake. Lililokuwa langu ni kuhakikisha kwamba swali halilali mezani mwa mtu yeyote.

Sitasema kwamba kila swali lina nia njema. Mkandarasi anapouliza, “Je, tunaweza kutumia chuma cha milimita 10 mahali pa 12?” anaomba punguzo. Tofauti ya milimita mbili inaonekana ndogo machoni, lakini chuma cha 12 kina eneo la milimita mraba 113 na cha 10 kina karibu 79, kumaanisha kwamba takriban theluthi moja ya nguvu imeondoka. Hata hapo sikasiriki. Namjibu kwa maandishi kwamba hapana, naweka hesabu hiyo chini yake ili msimamizi na mafundi waione, na namwomba mhandisi ahesabu vyuma kabla ya kumimina. Mtu aliyekataliwa kwa sababu inayoeleweka ataniuliza tena kesho.

Leo jioni nimepokea swali namba 31 kutoka kwenye nyumba tunayoijenga Riat, karibu na Kisumu. Wachimbaji wa shimo la maji taka wamekuta mwamba kwenye kina cha mita moja na nusu, na wanataka kujua kama shimo lihamishwe upande wa chini wa kiwanja. Picha inaonyesha jiwe la kijivu lenye maji pembeni, lakini haionyeshi limeenea kiasi gani, wala mteremko wa bomba kutoka jikoni hadi mahali papya utakuwaje. Jibu linahitajika kesho saa sita. Nimeshaweka mkanda wa kupimia na pima maji ndani ya gari, na nimemwambia msimamizi kwamba saa moja asubuhi nitakuwa hapo.