Jarida la ndege: karatasi au simu?

Kampala, Jumapili usiku

Kikao cha kamati kimeisha bila uamuzi, na wenzangu wameniachia mimi mhariri nikate shauri kabla ya Jumanne. Je, jarida letu la watazamaji wa ndege tulichape, au tulitoe kwa simu tu? Hadi sasa limekuwa karatasi za fotokopi zilizobanwa pini, nyeusi na nyeupe. Uganda ina zaidi ya aina 1,000 za ndege. Utamwonyeshaje msomaji tofauti ya chozi huyu na chozi yule, ndege wadogo wa rangi za kung'aa, kwa wino mweusi peke yake? Rangi lazima ije. Kinachobaki ni ije kwa njia gani.

Dada mweka hazina anataka simu, na hoja zake ni nzito. Wanachama wetu wasomao Kiswahili wametawanyika: wapo Bombo, wapo Arua, wapo Kasese, na wengine wamehamia Nairobi. Faili likitumwa kwa WhatsApp linawafikia wote asubuhi moja. Hatulipi mchapaji wala nauli ya vifurushi. Isitoshe, simu inaweza kumsikilizisha mtu sauti ya ndege. Aliyewahi kutembea msitu wa Mabira anajua thamani ya hilo, maana mle ndege wengi unawasikia muda mrefu kabla hujamwona hata mmoja, kama utamwona.

Kwa hiyo wiki hii nimekwenda Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, kuuliza bei nikiwa nusu nimeshakubaliana naye.

Mzee aliyenipokea pale alinieleza kwa subira. "Mwalimu, kazi ya rangi inataka pleti nne, yaani bamba la kuchapia kwa kila wino: samawati, waridi, njano na nyeusi. Uchape hamsini, uchape elfu, pleti ni zilezile." Ndiyo maana nakala chache zinakuwa ghali mno kila moja, na nyingi zinashuka bei. Akanikumbusha pia kwamba jarida la pini huenda kwa kurasa nne nne: 16, 20, 24. Huwezi kuchomeka ukurasa mmoja tu kwa sababu umepata picha nzuri dakika ya mwisho.

Kisha akanitolea sampuli ya picha yetu ya korongo nyangumi, yule ambaye Waganda humwita bbulwe, aliyepigwa picha kwenye kinamasi cha Mabamba. Kwenye skrini manyoya yake ni ya kijivu safi. Kwenye karatasi ya kung'aa yalitoka na uzambarau. Mzee aliinama na kioo chake cha kukuzia, akatazama vidoa vya wino kimoja kimoja, akasema, "Waridi imezidi kidogo." Kijivu ni rangi ngumu, kwani huchanganywa kutokana na wino karibu zote, na moja ikizidi kidogo tu jicho linajua. Alirekebisha, akatoa nyingine kwenye karatasi isiyong'aa. Korongo akarudi na kijivu chake, na mstari wa mdomo wake mkubwa ukaonekana hadi kwenye ndoano ya mwisho. Nilisimama nikiitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kuhusu simu nina mashaka ambayo hayaniachi. Ukurasa uliopangwa kwa karatasi ya A4 hausomeki kwenye simu: unavuta kulia, unavuta kushoto, na sentensi inakupotea katikati. Bando nalo si la kutegemea hapa kwetu. Mwaka 2018 tulianza kutozwa shilingi 200 kila siku kwa kutumia mitandao ya kijamii. Mwaka 2021 kodi hiyo ikaondolewa, na mahali pake ikaja ya asilimia 12 kwenye data. Na Januari 2021, wakati wa uchaguzi, intaneti ilizimwa nchi nzima.

Lakini hata hayo siyo yaliyoniamulia. Aliyeniamulia ni mwongozaji mmoja wa mitumbwi kule Mabamba.

Kinamasi kile kiliingizwa mwaka 2006 kwenye orodha ya Ramsar, ile ya kimataifa ya ardhi oevu muhimu. Zamani wavuvi wa pale walimchukia bbulwe, wakiamini kwamba ukimwona siku hiyo hupati samaki. Leo watu wanaoujua mkondo kila mmoja kati ya mafunjo ndio wanaowapeleka wageni kumtafuta, pale anaposimama kimya akimvizia kamongo. Huyu ninayemsema ana simu ya tochi tu. Nakala yetu ya fotokopi anaitunza ndani ya mfuko wa plastiki, chini ya ubao wa kukalia. Aliponifungulia, nilikuta kila ndege ameandikiwa pembeni kwa kalamu: tarehe, mahali, maji yalikuwa juu au chini. Kando ya ndege mmoja ameandika, "Huyu mwaka huu hajaja." Hakuna mwanachama wetu yeyote wa Kampala aliyekuwa na habari hiyo. Jarida lilimfikia likiwa na tunayoyajua sisi, likarudi na anayoyajua yeye. Faili lingempita mbali, na sisi tungebaki tunasomana wenyewe kwa wenyewe.

Basi tutachapa. Matoleo mawili kwa mwaka: moja mwishoni mwa Septemba, kabla ndege wahamao kutoka Ulaya na Asia hawajajaa kwenye vinamasi vyetu, na jingine Machi, wanapojiandaa kuondoka. Kurasa 24. Vifurushi vya Arua na Nairobi vitapanda basi la usiku kama mizigo mingine. Sauti za ndege tutazituma kwenye kundi la WhatsApp, bure kwa wote, maana hapo dada yetu ana haki kabisa.

Nimempigia simu jioni hii nikamweleza. Amekubali kwa sharti moja: hakuna pleti itakayotengenezwa kabla wanachama hawajalipa kwa pesa ya simu, na hesabu ataisoma yeye mbele ya kamati. Nimeliafiki bila kubishana.

Kesho asubuhi narudi kwa mzee wa Nasser Road kuuliza bei ya karatasi isiyong'aa kwa kurasa zote za ndani, kwa sababu kwenye ile ya kung'aa wino wa kalamu hupakaa. Nitamwomba pia apanue pambizo za kila ukurasa, hata kama itabidi picha mbili tatu zipungue.