Mfungue Kinywa: Kusali Injili kwa Kuiwazia

Mkristo aliyepitia katekisimu hukiri bila kusita kwamba Mungu anampenda, lakini kuuonja upendo huo moyoni huchukua muda mrefu, na wapo wanaozeeka wakiusikia mimbarini tu. Mimi nimesaidiwa zaidi na sala ya kuiwazia Injili, ambayo niliifahamu katika mafungo, yaani siku za kujitenga kwa ajili ya sala, ya mtindo wa Mtakatifu Ignasi wa Loyola, mwanajeshi wa Kihispania aliyekuja kuanzisha shirika la Wajesuiti.

Ignasi alivunjwa mguu kwa mzinga huko Pamplona mwaka 1521, na alipokuwa akiuguzwa, kwa kukosa hadithi za mashujaa alizozipenda, alipewa kitabu cha maisha ya Kristo na kingine cha maisha ya watakatifu. Katika kitabu chake cha sala, Mazoezi ya Kiroho, kilichoidhinishwa na Papa Paulo III mwaka 1548, humtaka anayesali aione njia ya kutoka Nazareti hadi Bethlehemu, urefu na upana wake, kama ni tambarare au ina mabonde na vilima; kisha asimame penye Mtoto kama mtumishi maskini, atazame na kuhudumia.

Sehemu ninayoirudia mara nyingi ni sura ya 21 ya Injili ya Yohane, Yesu mfufuka anapowatokea wanafunzi wake kando ya ziwa. Kwanza nafuata shauri la Ignasi la kusimama hatua moja au mbili kabla ya mahali pa kusalia, kwa muda wa Baba Yetu moja, nikifikiri jinsi Mungu anavyonitazama. Ndipo naingia ufukweni: kunapambazuka, wavuvi wamekesha bila kupata kitu, na harufu ya samaki inatoka kwenye makaa. Petro, aliyemkana Bwana wake akiota moto mwingine wa makaa, hajaulizwa lolote bado, anaambiwa tu, pamoja na wenzake, “Njoni mfungue kinywa.” Nami naketi kati yao, nikingoja kupewa mkate. Ukinifikia huwa sina la kusema, wala sidhani kwamba nadaiwa neno. Ignasi aliandika kwamba upendo hudhihirika katika matendo kuliko katika maneno, na hapa Yesu aliwalisha kwanza, swali la “wanipenda?” likaja baadaye.

Wapo wanaohofu kwamba huku ni kujitungia Mungu wa kutupendeza. Hofu hiyo ina msingi, maana akili ikiachiwa huleta Yesu anayekubaliana nasi katika kila jambo. Kinga ni andiko lenyewe, kwa kuwa yule yule aliyegawa samaki ndiye aliyemuuliza Petro mara tatu mpaka akahuzunika. Na kinga nyingine ni kumsimulia mwongozaji wa kiroho yaliyotokea katika sala.

Tena si lazima kuona picha. Teresa wa Avila, mtawa mtakatifu wa Hispania, alikiri kwamba uwezo wake wa kuwazia ulikuwa hafifu, ila alipenda kukaa na Kristo katika bustani ya Gethsemane, Kristo alikotoka jasho usiku wa kuteswa kwake, akitamani kumfuta. Kwa hiyo asiyeona kitu asihangaike na rangi ya maji wala sura ya Petro. Achague tu mahali pake katika tukio, akae hapo mpaka muda aliojipangia uishe, kisha aseme na Bwana kama mtu asemavyo na rafiki yake.