Kumbukumbu ya mizinga: uporaji baada ya mavuno umekoma

Hatimaye kundi dogo la nyuki wangu limetulia. Wakati wa kuvuna sikugusa sanduku la chini la mzinga lenye majana (watoto wa nyuki) na chavua, lakini akiba ya kundi hili ilikuwa haba na ilibidi nililishe. Kila nilipoweka maji ya sukari, nyuki wa mizinga jirani walivamia, na chakula kikaishia kwa makundi yaliyokuwa yameshiba.

Dalili zilikuwa wazi. Wavamizi hawakutua moja kwa moja mlangoni, bali walipepea mbele ya mzinga wakichunguza kila ufa, huku walinzi wakiwakamata miguu na kubingirika nao kwenye ubao wa kutua. Ndani, vifuniko vya masega vilikuwa vimeraruliwa ovyo na chengachenga za nta zimetapakaa sakafuni.

Nilipunguza mlango hadi nafasi ya kupita nyuki mmoja au wawili, ili walinzi wachache waweze kuulinda, lakini hatua hiyo peke yake haikutosha, kwa sababu chupa ya kulishia iliyokaa mlangoni iliendelea kuwaita wavamizi kwa harufu yake. Kwa maoni yangu, kilishio cha mlangoni hakifai kabisa wakati maua yamekwisha. Kilichofaulu ni kilishio kinachokaa ndani, juu ya fremu, ambacho nakijaza jua linapozama bila kuacha hata tone nje. Nachanganya kilo 2 za sukari nyeupe kwa lita 1 ya maji, kwa kuwa mchanganyiko mzito huwafaa nyuki kwa kuweka akiba, ilhali ule wa kilo 1 kwa lita 1 huwachochea zaidi kulea majana, nayo majana yanataka chakula na joto la takriban nyuzi 35. Asali ya kununua siwapi kamwe, kwani inaweza kubeba vimelea vya ugonjwa wa kuoza kwa majana.

Nilikuwa nimepanga kupima uzito wa mizinga yote, ila nimeliahirisha jambo hilo ili kwanza niwarudishie nyuki masega yaliyokamuliwa asali. Nyuki hula kilo kadhaa za asali ili kutoa kilo 1 tu ya nta, kwa hiyo sega zima linalorudi mzingani ni chakula kilichookolewa. Masega hayo nayo nayaingiza jioni, kwa sababu yananukia asali kuliko maji ya sukari, na mlango wa kundi dogo utabaki mwembamba hadi maua yachanue tena.