Reli, gugumaji na somo la historia Kisumu

Semina nyingi za kuwafunza walimu wa historia teknolojia huanza na slaidi. Mwalimu anarudi shuleni na slaidi arobaini, anazisoma, wanafunzi wananakili. Huo ni ubao uleule, tofauti ni kwamba sasa unakula umeme. Mimi naona semina ianze na swali, na hapa Kisumu tuna moja zuri mno: mbona reli iliyoishia kwetu iliitwa Reli ya Uganda?

Ramani ya leo haina jibu. Reli ilipofika Port Florence, ndiyo Kisumu, Desemba 1901, huku kulikuwa mkoa wa mashariki wa Uganda. Mkoa huo ulihamishiwa upande wa Kenya ya sasa Aprili 1902. Mwanafunzi akiuona mpaka wa zamani umelala mashariki ya Kisumu anayoijua, haulizi tena.

Programu ya kutumia ni Google Earth Pro, ambayo ni ya bure. Walimu wakae wawiliwawili kwa laptopu moja, mmoja ashike kipanya na mwenzake asome ramani, kisha wapokezane. Ramani ya zamani ipigwe picha kutoka juu kabisa bila kuinamisha simu. Usiitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, kwa sababu hubanwa na majina madogo ya stesheni hayasomeki tena. Itume kama dokumenti. Ukishaiweka juu ya picha ya setilaiti, ifanye iwe nusu angavu kwa kitelezi, halafu vuta pembe zake hadi zioane.

Hapo ndipo wengi hukwama. Mwalimu hukimbilia kuoanisha ufuo, kwa kuwa ndio unaoonekana upesi. Ila Ziwa Victoria lilipanda sana mwanzoni mwa miaka ya 1960, likapanda tena 2020. Isitoshe, gugumaji, mmea unaoelea majini, hutanda Ghuba ya Winam, sehemu ya ziwa iliyo Kisumu, likaonekana kwenye setilaiti kama shamba la majani lililoungana na nchi kavu. Nimeona ramani sahihi ikivutwa ikapotoka kwa kufuata gugu! Shika mistari ya latitudo na longitudo iliyochapwa, kisha hakiki kwa vilele vya milima. Ramani za enzi zile nazo zina makosa ya upimaji, kwa hiyo pengo dogo likibaki usilifiche. Waulize wanafunzi limetoka wapi.

Zoezi la pili ni kupima. Mombasa hadi Kisumu kwa mstari mnyoofu ni takriban kilomita 700. Reli yenyewe ilikuwa na takriban 940. Chora njia ya reli, kisha fungua mchoro wa mwinuko: inapanda milima ya Mau hadi zaidi ya mita 2,500 ndipo iteremke ziwani, lililo karibu mita 1,134. Kona zote zile zinaeleweka papo hapo.

Bando lisiwe kisingizio. Siku moja kabla ya kipindi, ukiwa na intaneti, tembelea kila eneo utakalolionyesha na ulikuze kwa kiwango kilekile utakachotumia darasani. Laptopu huhifadhi picha hizo. Usipokuza, darasani utapata ukungu mtupu. Na kama madirisha hayana mapazia, elekeza projekta kwenye ukuta usiopigwa na jua, usogeze wanafunzi karibu. Chapisha pia nakala nne za ramani kwenye karatasi ya A3. Kipindi ni dakika 40, na umeme ukipotea dakika ya kumi bado kuna 30 za kufundisha.