Nondo wa matembele

29 Agosti, Dordogne, kusini magharibi mwa Ufaransa

Leo nimeamka saa kumi na mbili na nusu, kungali na kiza, nikavaa kandambili na kutoka bustanini. Mzee mwenyeji wetu alikwisha chuchumaa kando ya mtego. Ni sanduku la mbao lenye taa kali ya rangi ya urujuani; nondo huifuata taa, huteleza ndani na kujibanza kwenye trei za mayai. Hauawi hata mmoja. Asubuhi unainua trei moja moja, unatazama, unaandika, kisha unawaachia kwenye majani yenye kivuli, ndege wasiwaone.

Kwenye trei ya tatu nilinyamaza. Nondo mnene kama kidole gumba changu, mbawa za kijivu kama gome kavu. Mzee akamgusa kwa unyasi, mbawa zikafunuka, na tumboni nikaona mistari ya waridi na myeusi imepangwa kama pete. Akaanza kutetemeka. Anapasha misuli moto kabla ya kuruka, akasema mzee. Jina lake la kisayansi ni Agrius convolvuli. Kila mwaka huja kutoka Afrika, akavuka bahari ya Mediterania, na kiwavi wake hula majani ya viazi vitamu.

Majani ya viazi vitamu! Matembele ya mama, Morogoro! Wale viwavi wanene wenye pembe mkiani tuliotumwa kuwaokota na kuwaponda. Na kwenye tuta tulikuwa tukifukua kile kitu cha kahawia chenye mkono kama wa jagi, tunakiuliza, "Mjini ni wapi?" nacho kinazungusha ncha. Leo ndipo nimeelewa kwamba kile kitu kilikuwa kiwavi akigeuka kuwa nondo, na ule mkono ni kifuko cha mrija wake wa kufyonzea, mrija ulio mrefu kuliko mwili wenyewe. Miaka yote ile nimewajua wakiwa wadogo tu, na wengi niliwaua mimi.

Jana usiku tuliona kalunguyeye, na popo wawili juu ya kisima. Walinifurahisha, lakini siku ya leo ni ya huyu.

Magharibi nilikaa karibu na maua ya tumbaku aliyopanda mke wa mzee. Akaja mmoja, akasimama hewani bila kutua, mrija ukanyooka ukazama ndani ya ua jeupe. Nikasikia mbawa zake zikivuma. Akahamia ua la pili, la tatu, halafu akapita juu ya ukuta.